Je, Kuwa Wamoja ni Kufanana?

Mwanamke anayenunua omena kwenye ufuo wa Takawiri na kulipa kwa M-Pesa hutumia leza, ingawa haioni. Simu yake hupeleka ujumbe kwa redio hadi kwenye mnara, na mahali fulani mbele ya safari ujumbe huo huingia katika uzi wa kioo na kwenda kwa mwanga hadi Nairobi. Kabla ya mwaka 2015 safari ilikuwa ndefu zaidi, kwa kuwa mitambo ya M-Pesa ilikuwa Ujerumani. Malipo ya ndoo moja ya omena yalitoka Ziwa Victoria, yakaenda Ulaya na kurudi, muuzaji akiwa bado amesimama pale pale na simu mkononi. Tangu nyaya za SEACOM na TEAMS zilipotua Mombasa mwaka 2009, mawasiliano ya namna hiyo yalianza kupita chini ya bahari, yakibebwa na mwanga ambao jicho la binadamu halina uwezo wa kuuona.

Mwanga huo una sifa moja isiyo ya kawaida, na sifa hiyo inagusa swali ambalo dini zimelibeba kwa muda mrefu.

Takawiri ni kisiwa kidogo cha kaunti ya Homa Bay, kati ya Rusinga na Mfangano; boti zitokazo Mbita kwenda Mfangano hupitia hapo. Eneo hili lote, kuanzia hapo hadi Migori, ni nchi ya makanisa mengi. Waadventista Wasabato walifika Gendia mwaka 1906. Wakatoliki na Waanglikana wana mizizi yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko waliongoza kundi kubwa la watu kutoka Kanisa Katoliki, na hivyo ikazaliwa Legio Maria, ambayo mlima wake mtakatifu, Got Kwer, uko Migori. Kabla ya hao wote, wazee wa Kiluo walitoka alfajiri wakalielekea jua linalochomoza, wakatema mate na kuomba baraka za siku. Pahali penye historia ya namna hii, neno umoja halisemwi kwa wepesi. Likisemwa mimbarani huwa lina madai ndani yake: kwamba watu waache kutofautiana, wawe kitu kimoja. Lakini kuwa kitu kimoja maana yake nini? Je, ni lazima wafanane?

Ni kawaida kwa mhubiri kuchukua mwanga kuwa mfano wa Mungu na wa watu wake. Kitabu cha Mwanzo kinaanza na mwanga siku ya kwanza, kabla ya jua lenyewe kuwekwa angani siku ya nne. Qurani ina sura nzima iitwayo Nuru. Tatizo ni kwamba mwanga si wa aina moja tu, na mwenye kuutumia kama mfano anapaswa kuulizwa ni upi anaouzungumzia.

Chukua kwanza mwanga wa taa za wavuvi. Usiku usio na mbalamwezi, wavuvi wa omena huwasha taa majini ili samaki wazifuate. Zamani zilikuwa karabai za mafuta. Siku hizi nyingi ni taa za LED zinazochajiwa kwa sola. Ziwe za mafuta au za sola, mwanga wake ni wa vurugu. Kila atomu hutoa mwanga wake kwa saa yake na kwa upande wake, bila habari ya jirani. Mawimbi hupishana na kufutana ovyo, kwa kasi ambayo jicho haliwezi kuifuata, na kinachotufikia ni wastani wa ghasia hiyo. Hakuna ubaya katika hilo. Taa inayotawanya mwanga kila upande ndiyo inayofaa kukusanya samaki, kusomea na kupikia.

Mwanga wa leza ni kinyume chake. Rangi ni moja, mwelekeo ni mmoja, na mawimbi yote hupanda na kushuka kwa pamoja, kama wapiga makasia wa boti moja wanaozamisha makasia kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana mwali wake hausambai haraka, na nguvu yake hukaa mahali padogo. Kielekezi cha leza chenye nguvu ya miliwati 5 tu ni hatari kwa jicho, wakati taa ya chumba yenye nguvu mara maelfu kuliko hiyo haina neno. Daktari wa macho huitumia nguvu hiyo kuziba mishipa ya retina iliyoharibiwa na kisukari. Fundi wa kiwandani huitumia kukata chuma.

Mwanga huu ulipatikanaje? Hapa ndipo mambo yanapokuwa mazito.

Mwaka 1917 Albert Einstein alichapisha makala juu ya namna atomu zinavyonyonya na kutoa mwanga. Kwamba atomu iliyo katika kiwango cha chini cha nishati humeza mwanga na kupanda, hilo lilijulikana. Kwamba atomu iliyopanda hushuka yenyewe na kutoa mwanga, hilo nalo lilijulikana. Hesabu zake zilidai jambo la tatu. Chembe ya mwanga, fotoni, ikipita karibu na atomu ambayo tayari imepanda, na ikiwa na rangi ile ile ambayo atomu hiyo ingeitoa, atomu huitikia. Hutoa fotoni ya pili iliyo sawa na ya kwanza kwa rangi, kwa mwelekeo na kwa hatua ya wimbi, yaani hupanda na kushuka pamoja nayo. Ile ya kwanza haipungui wala haimezwi. Zinaendelea mbili; mbili zinaitikiwa na mbili; nne zinakuwa nane.

Kikwazo ni kwamba kwa kawaida atomu nyingi ziko chini, na aliye chini haitikii: humeza. Mwanga unaopita katika kundi la namna hiyo hufifia. Ili wito uzae wito, waliopandishwa wanapaswa kuwa wengi kuliko walio chini, hali ambayo maumbile hayaileti yenyewe ila kwa nadra sana. Ilichukua zaidi ya miaka 30 kupata njia.

Asubuhi moja ya Aprili 1951, Charles Townes wa Chuo Kikuu cha Columbia aliketi kwenye benchi katika bustani ya Franklin, mjini Washington, maua yakiwa yamechanua, naye akiwaza mkutano ambao ulikuwa haujazaa kitu. Hapo wazo likamjia, akaliandika nyuma ya bahasha. Kazi ya kulithibitisha ilichukua miaka mitatu, na katikati ya miaka hiyo wakuu wawili wa idara yake, Isidor Rabi na Polykarp Kusch, walimwendea ofisini wakamwambia aache, kwamba haitafanikiwa na anapoteza fedha. Wote wawili ni watu wa Tuzo ya Nobel. Townes alikataa. Mwaka 1954 mtambo wake wa kwanza, uliotumia gesi ya amonia na mawimbi mafupi ya redio, ulifanya kazi. Mwaka 1958 yeye na Arthur Schawlow walionyesha kwamba jambo hilo linawezekana kwa mwanga, na tarehe 16 Mei 1960 Theodore Maiman, huko Malibu, California, akawasha leza ya kwanza kwa kipande cha yakuti kilichopakwa fedha kwenye ncha zake. Mwaka 1964 Townes aligawana Nobel na Nikolay Basov na Aleksandr Prokhorov wa Moscow, waliolifikia wazo hilo kwa njia yao.

Inafaa kusimama hapo kwa Rabi na Kusch. Huko Columbia, njia ya kuelekea mwanga unaokwenda kwa hatua moja ilipatikana kwa sababu mtu mmoja hakukubali kwenda hatua moja na wenzake. Kama idara ile ingekuwa na umoja wa kufanana, mtambo ule uliotangulia leza usingetoka humo.

Townes alikuwa Mkristo na hakulificha hilo. Mwaka 1966 alichapisha makala iliyodai kwamba sayansi na dini zinaelekea kukutana, kwa sababu zote mbili hutafuta mpangilio wa ulimwengu, na zote mbili huanza na imani kwamba mpangilio huo upo. Makala ilipotokea tena katika jarida la wahitimu wa MIT, mhitimu mmoja mashuhuri aliandika kutishia kukata uhusiano na chuo iwapo kitachapisha tena habari za dini. Townes hakurudi nyuma. Alisema wazo lililomjia kwenye benchi lilikuwa na sura ya ufunuo, na mwaka 2005 akapewa Tuzo ya Templeton. Aliaga dunia Januari 2015, akiwa na miaka 99.

Mtu anaweza kukataa theolojia ya Townes na bado akaona kwamba mtambo wake unauliza maswali ya kitheolojia. La kwanza ni la mwanzo wenyewe. Ndani ya leza, kila fotoni imeitwa na nyingine iliyoitangulia. Ukirudi nyuma utafika kwenye moja ambayo haikuitwa: atomu fulani ilishuka yenyewe, ikatoa mwanga upande ambao kwa bahati ulielekea kwenye kioo cha ncha ya mtambo, kinachourudisha katika atomu nyingine. Mwali mzima umerithi hatua ya wimbi kutoka kwa wa kwanza asiyeitwa. Wapo watakaokimbilia kusema kwamba hapo ndipo mkono wa Mungu ulipo. Ni afadhali kutulia. Imani inayojenga nyumba yake katika pengo la maarifa hulazimika kuhama pengo likizibwa, na anayeamini kwamba Mungu yupo hana sababu ya kumfungia kwenye fotoni ya kwanza na kumnyima zilizobaki.

La pili ndilo linalohusu umoja moja kwa moja, kwa sababu leza haikuwa njia ya kwanza ya kuupanga mwanga. Mwanzoni mwa karne ya 19, Thomas Young wa Uingereza alipitisha mwanga wa jua katika tundu dogo mno. Kilichotoka upande wa pili kilikuwa na mpangilio wa kutosha kuonyesha kwamba mwanga ni wimbi. Alifanyaje? Alizuia karibu mwanga wote. Tundu liliruhusu sehemu ndogo iliyokubaliana, na iliyobaki ikaishia kwenye kadi. Umoja wa namna hii ni halisi, lakini ni hafifu, na kila ukitaka uwe kamili zaidi ni lazima tundu liwe dogo zaidi na mwanga upungue. Historia ya dini, Afrika na kwingineko, imejaa matundu ya namna hiyo: kundi linalotafuta usafi kwa kuwatoa wasiolingana, likagawanyika, kisha kipande nacho kikagawanyika. Kinachobaki mwishoni kinapatana sana na kinaangaza kidogo.

Umbali nao hufanya kazi hiyo hiyo. Mwanga wa nyota hutoka katika ghasia kubwa kuliko ya taa yoyote, lakini ukifika duniani mawimbi yake yamepatana. Hata taa ya mvuvi: ikiwa na upana wa sentimita 10 na ikitazamwa kutoka kilomita 10, mawimbi yake hufika yakiwa yamelingana katika upana wa sentimita 5 hivi, ambao ni mkubwa kuliko mboni ya jicho. Mtazamaji wa mbali hupokea mpangilio ambao haupo kwenye chanzo. Tunapolitazama kanisa la kwanza, au mababu waliotangulia, na kuona watu waliokuwa na moyo mmoja pasipo mfarakano, inafaa kukumbuka tumesimama umbali gani.

Leza hufuata njia tofauti na ya Young. Haimfukuzi yeyote. Atomu zile zile ambazo zingetoa mwanga ovyo zinaitwa, zinaitikia, na mwanga wao unaingia katika mwali. Zaidi ya hayo, nguvu iliyozipandisha katika mtambo wa Maiman ilitoka kwenye taa ya kawaida ya kupigia picha, yenye mwanga wa vurugu. Mpangilio ulitolewa ndani ya vurugu. Mhubiri angekuwa na haki ya kufurahi hapa, na kama mfano ungekomea hapa, jibu la swali letu lingekuwa ndiyo: umoja ni kufanana, mradi kufanana huko kuwe kwa kuitwa badala ya kutengwa.

Lakini haukomei hapa.

Mwanafalsafa wa Kijerumani Gottfried Leibniz alifundisha kwamba hakuna vitu viwili vinavyoweza kufanana kwa kila hali na bado vikawa viwili. Vikifanana kabisa, ni kitu kimoja. Husimuliwa kwamba mtu mmoja wa ikulu alizunguka bustani ya Herrenhausen akitafuta majani mawili yasiyo na tofauti ili kumshinda, akarudi mikono mitupu. Angetafuta fotoni angeshinda. Mwaka 1924 Satyendra Nath Bose, mhadhiri wa Dhaka, alimwandikia Einstein barua yenye njia mpya ya kuhesabu mwanga, na msingi wake ulikuwa huu: fotoni mbili zikibadilishana nafasi, hakuna kilichobadilika. Gawa fotoni mbili katika visanduku viwili. Kwa vitu vya kawaida kuna namna nne za kuzipanga. Kwa fotoni kuna tatu, kwa sababu "hii kushoto na ile kulia" ni jambo moja na "ile kushoto na hii kulia". Nguvu itakuonyesha kwamba ni mbili, lakini hutaweza kusema ipi ni ipi. Idadi ipo, utambulisho haupo.

Weka hilo kando ya desturi ya pwani hii ya ziwa, ambapo mtoto hupewa jina kwa saa aliyozaliwa: Onyango wa asubuhi, Ochieng wa jua kali, Otieno wa usiku. Wakizaliwa wawili usiku mmoja, lipo jina jingine la kuwatenga, la babu au bibi aliyetangulia. Hakuna anayeingia katika jamii akiwa nambari tu. John Mbiti, mwanatheolojia wa Kenya, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kwamba katika fikra za Kiafrika mtu hujijua kwa sababu ya wengine, na mara nyingi wazo hilo hutumiwa kana kwamba linammeza mtu ndani ya jamii. Majina yanasema vingine. Jamii humfanya mtu awe mtu kwa kumpa kitu ambacho mwenzake hana. Fotoni za leza zina umoja mkamilifu, lakini hakuna hata moja inayoweza kuitwa kwa jina.

Kuna jambo la ndani ya leza ambalo watu wa visiwa hivi wangelitambua haraka kuliko mwanafizikia. Leza ikianza kuwaka, mawimbi kadhaa yenye rangi zinazokaribiana huanza pamoja, yote yakila nguvu moja. Mara nyingi moja huwa na nafuu ndogo. Kwa kuwa linaitikiwa mara nyingi zaidi kidogo, hukua. Likikua, huitikiwa zaidi. Na muda mfupi baadaye limemaliza nguvu yote, mengine yamezimika. Hakuna aliyeyakataza. Yamekosa chakula tu.

Abasuba ni watu wa asili ya Kibantu ambao simulizi zao zinawatoa upande wa Uganda ya leo. Waliishi katika visiwa hivi na kwenye pwani iliyo mkabala navyo, wakaoana na Waluo, wakafanya nao biashara, wakawapeleka watoto katika shule na makanisa yaliyotumia Dholuo. Hakuna sheria iliyoipiga marufuku lugha yao, Olusuba. Leo wengi wa wazao wao huzungumza Dholuo, na lugha ya mababu imebaki zaidi Mfangano, hasa midomoni mwa wazee; UNESCO imeiweka kati ya lugha zilizo hatarini. Pale Mfangano, Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba yanajitahidi kuhifadhi kilichosalia, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitaka serikali ilinde lugha za watu wake. Faida za kuungana zilikuwa za kweli: soko, ndoa, amani. Hasara nayo ni ya kweli, na haikuletwa na adui. Umoja wa kuitikia, ule tuliousifu kuliko wa kutenga, nao una njia yake ya kuua.

Sasa turudi kwa yule mnunuzi wa omena, tuulize ujumbe wake unasafirije katika mwali ambao fotoni zake zote zinafanana. Jibu ni kwamba haungeweza kusafiri kama mwali ungeachwa hivyo. Mwali kamili, usiobadilika, hausemi kitu. Ukiutazama leo au kesho unakuambia kitu kile kile, yaani kwamba umewaka. Ili ubebe hata herufi moja, lazima uvunjwe: uwashwe na kuzimwa, au hatua ya wimbi isukumwe mbele na nyuma, mara mabilioni kwa sekunde. Habari iko katika kuvunjwa huko. Mpangilio wa leza ndio unaoufanya mvunjiko usikike mbali, kwa maana mwanga wa karabai ungezimwa na kuwashwa namna hiyo, ghasia yake ingeumeza ujumbe kabla haujafika popote. Kufanana hubeba, tofauti ndiyo inayosema.

Mfano mzuri uko mto Kongo. Brazzaville na Kinshasa zinatazamana, na kati ya minara miwili iliyotumika ni kilomita 4.8 tu, lakini waya wa kioo ungelazimika kuzunguka kama kilomita 400. Mwaka 2021 mradi wa Taara, ulioanzia katika kampuni ya Alphabet, ulirusha mwali wa leza usioonekana juu ya mto. Ndani ya siku 20 ulipitisha karibu terabaiti 700. Mradi huo huo umefanya kazi Kenya pamoja na kampuni ya Liquid, na vifaa vyake vimeundwa kufika kilomita 20, uwezo unaotosha kuunganisha Takawiri na Mbita pasipo kulaza waya majini. Ukungu na mvua kubwa ni maadui wake. Mwali wenyewe haujali kama unabeba Kilingala au Kifaransa, Dholuo au Olusuba.

Tanzania imetoa mfano mwingine. Mwaka 2016, katika kijiji cha Lupiro, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund cha Uswidi na wa Taasisi ya Afya ya Ifakara walielekeza mwali wa leza juu ya uwanda, wakaweka darubini kando. Mwali uliokuwa safi haukuwaambia kitu. Mbu alipoukatiza, mapigo ya mabawa yake yaliandikwa katika mwanga uliorudi, na kwa kuwa dume na jike hupiga mabawa kwa kasi tofauti, iliwezekana kuwatenganisha wakiwa hewani. Walirekodi wadudu zaidi ya 300,000 kwa siku chache, zikiwemo dakika za kupatwa kwa jua tarehe 1 Septemba, ambapo mbu walianza kuruka mchana. Kama hakuna kiumbe kingeingia kuuvuruga mwali ule, wangeondoka na karatasi tupu.

Mtu makini atapinga: fizikia haifundishi maadili, na fotoni si waumini. Ni kweli. Hakuna anayeweza kutoka katika maabara ya Maiman akiwa na amri ya namna ya kuendesha kanisa. Lakini wanaosema umoja mkamilifu ni kufanana kikamilifu hawatoi amri tu. Wanadai kwamba kufanana ndiko kilele, kwamba kitu kikishafanana chote hakikosi kitu. Dai hilo linaweza kupimwa, na hapa pana kitu kilichofanana kuliko chochote ambacho binadamu amewahi kukitengeneza. Kinakosa jina, na kabla ya kuvunjwa kinakosa neno. Anayeamini kwamba Mungu husema na watu ana sababu ya kutotamani umoja ulio bubu.

Haifuati kwamba kila mmoja aende zake. Yapo mambo ambayo bila kwenda pamoja ziwa lenyewe litakwisha. Kila mwaka uvuvi wa omena katika upande wa Kenya hufungwa kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane, na zuio hilo halina maana wakiacha nusu ya wavuvi huku nusu wakiendelea, kwa sababu samaki wanaoachwa na boti moja huvuliwa na nyingine. Hapo wote wanahitaji kusimama siku moja na kuanza siku moja, Msabato pamoja na Mkatoliki, mfuasi wa Legio Maria pamoja na asiyeingia kanisa lolote. Mambo yanayotaka mshikamano wa namna hii ni machache na yanaweza kutajwa: tarehe, ukubwa wa tundu la wavu, mahali pa kuzalia samaki. Kamati ya ufuo inayoyasimamia haina haja ya kujua kama mwenye boti anasali Jumamosi au Jumapili, wala anamwita Mungu kwa lugha gani. Inataka kuona kwamba tarehe 1 Aprili boti yake imevutwa nchi kavu, na kama haikuvutwa, inataka kujua ni ya nani.